Nyamwage si Njia ya Kupita Tu

 Tunawaandikia kutoka Nyamwage, kijiji kilichopo wilayani Rufiji, mkoa wa Pwani, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara.

Wengi wenu mmepita hapa. Basi likishavuka Daraja la Mkapa abiria hurudi kusinzia, na wakifumbua macho wamekwisha fika Somanga au Nangurukuru. Nyamwage kwao ni njia panda ya kwendea Utete, vibanda vichache na mikorosho inayorudi nyuma dirishani. Hatuwalaumu, kwani msafiri ana haja zake. Hata hivyo kamati ya msikiti wetu imeona ni vyema tuwaeleze ndugu zetu, hasa wazazi wenye watoto walio masomoni, kwamba nchi hii ina mengi ya kutazamwa, na kwamba kuitazama kuna manufaa kwa mgeni na kwa mwenyeji. Tunaandika kama wenyeji wenu. Hatuna hoteli ya kuuza wala gari la kukodisha.

Safari yenye nia

Katika Qur'ani Tukufu tumeamrishwa, tena zaidi ya mara moja, tutembee katika ardhi na tutazame: namna uumbaji ulivyoanza, na namna ulivyokuwa mwisho wa kaumu zilizotutangulia. Makusudio ya amri hiyo ni mazingatio, wala hayapimwi kwa wingi wa maili. Mtu anaweza kuruka kwa ndege hadi nchi za mbali asirudi na lolote ila picha, na mwingine akatoka kwa miguu saa moja tu akarudi moyo wake umelainika.

Familia nyingi za mijini, likizo ikifika, huwapeleka watoto kwenye michezo ya kulipia, au huwaachia simu mpaka shule zifunguliwe. Kupumzika si haramu, wala hatukusudii kuwaharamishia watu furaha. Lakini yupo mtoto aliyezaliwa Mbagala au Temeke, ambaye babu yake ni Mndengereko na bibi yake ni Mmatumbi, naye atafika umri wa kuoa bila kujua mlau ni nini, dungu hujengwaje, wala Muhoro iko upande gani. Mtoto huyo amepungukiwa na kitu ambacho shule haitampa. Na kuunga udugu, ambako dini yetu imekusisitiza mno, hakuwi kwa kutuma fedha kwa simu peke yake. Miguu nayo ina sehemu yake.

Mto na daraja

Anzieni na mto, kwani kila kitu katika nchi hii kimeanza nao. Rufiji hukusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, na bonde lake lote lina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 177,000, karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Mvua iliyonyesha Mbeya, Iringa na Morogoro hupita hapa kwetu kabla ya kukutana na bahari. Mwambieni mtoto habari hiyo akiwa amesimama ukingoni anayatazama maji mapana ya rangi ya udongo, nanyi mtaona jinsi somo la jiografia linavyogeuka kuwa kitu cha kushikika.

Daraja la Mkapa, lililopo Ndundu, lina urefu wa karibu mita 970 na lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla yake kilikuwapo kivuko, na masika yalipochachamaa mikoa ya kusini ilikuwa kama nchi nyingine. Hata daraja lilipokamilika, kipande cha kilomita 60 kutoka Ndundu hadi Somanga, ambacho Nyamwage imo ndani yake, kilibaki cha vumbi na tope kwa miaka mingi kabla ya kuwekewa lami. Abiria walilala njiani, wakala walichokuwa nacho wanavijiji, wakaswali misikitini mwetu. Wako wazee hapa wanaokumbuka wageni wa usiku mmoja kwa majina yao. Lami imeleta kheri nyingi, lakini imepunguza kufahamiana: sasa mnapita kwa kasi, nasi tunawaona kwa taa tu.

Tunawanasihi msisimamishe gari juu ya daraja, kwani ni hatari kwenu na kwa wengine. Teremkeni mahali palipo salama kabla au baada yake. Wala msithubutu kuoga mtoni au kuwaacha watoto wachezee maji ya ukingoni. Mamba na viboko wa Rufiji si hadithi. Mwenyeji akikwambia usikanyage pahali, usikanyage.

Bondeni: mlau na dungu

Kutoka barabarani, njia za miguu na za baiskeli huteremka kuelekea bonde la mto. Wakati mzuri wa kuzifuata ni kati ya Julai na Septemba, masika yakiwa yamepita, ardhi imekauka na asubuhi kuna ubaridi. Huko mtaona kilimo ambacho Warufiji walikirithi kwa babu zao. Mto ulikuwa ukifurika, maji yakitawanyika bondeni na kuacha tope lenye rutuba, na yakishapungua watu hupanda mahindi, kunde na mboga katika unyevu uliobaki, bila kungoja mvua nyingine. Kilimo hicho huitwa mlau. Kwa hiyo Mrufiji wa zamani hakuyaona mafuriko kuwa balaa tupu. Aliyaogopa na kuyangojea kwa wakati mmoja, kama mkulima yeyote anavyoliogopa na kulingojea wingu.

Kandokando ya bonde yako maziwa yanayojazwa na mto, kama Ruwe, Zumbi na Utunge, ambamo watu huvua perege na kambale. Na katikati ya mashamba mtaona madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo ndefu. Msidhani ni mapambo. Mkulima hulala humo usiku akilinda mpunga na mahindi yake dhidi ya nguruwe mwitu. Nguruwe hao ni wengi, kwani katika nchi ya Waislamu hakuna anayewawinda kwa kitoweo. Na penye nguruwe simba hufuata. Kati ya mwaka 2002 na 2004 simba mmoja aliua watu wapatao 35 katika vijiji vya Rufiji kabla ya kuuawa mwezi Aprili 2004. Watafiti waliochunguza mashambulio ya simba nchini walieleza kwamba wengi wa waliouawa walikuwa wakilinda mashamba, na kwamba simba walivutwa na nguruwe.

Tunapenda watoto wa mjini wasimame chini ya dungu na kusikia habari hiyo, maana wali wanaouacha sahani ikiwa nusu umelindwa na mtu aliyekesha gizani. Baada ya hapo somo la kutofanya israfu halihitaji maelezo marefu.

Yapo pia mambo mapya ya kuzingatia. Mwishoni mwa miaka ya 1960, kufuatia mafuriko makubwa, serikali iliendesha Operesheni Rufiji na kuwahamisha maelfu ya watu kutoka bondeni kwenda sehemu za juu, kabla ya vijiji vya ujamaa kuenea nchi nzima. Watu walipewa makazi ya juu, lakini mashamba yao yalibaki chini, na wengi waliendelea kuteremka bondeni kila msimu. Na mwezi Desemba 2022 lilianza kujazwa maji bwawa la Julius Nyerere, mradi wa umeme wa megawati 2,115 uliojengwa juu ya mto huu. Umeme ni neema kwa taifa, hapana shaka. Lakini mto uliofungwa na kufunguliwa kwa mkono wa binadamu si ule ambao wazee walizisoma nyakati zake kwa kutazama nyota na upepo. Ijapo siku watoto wenu wakasoma mlau vitabuni tu, itakuwa vizuri wawe wamekwisha uona kwa macho.

Muhoro na Ngarambe

Mwenye kupenda historia ana siku nzima ya kazi katika nchi yetu. Upande wa mashariki, kuelekea delta, ipo Muhoro, mji mdogo wa kale ambao Wajerumani waliufanya kituo cha utawala. Hapo ndipo Kinjikitile Ngwale aliponyongwa tarehe 4 Agosti 1905, mwanzoni kabisa mwa Vita vya Maji Maji. Kijiji chake, Ngarambe, kipo kusini magharibi mwa Nyamwage, ndani ya wilaya hii hii ya Rufiji. Na Nandete, ambako wananchi waling'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kulima, ipo katika milima ya Umatumbi, wilayani Kilwa, kusini mwetu.

Kila mwanafunzi wa Tanzania amelisikia jina la Kinjikitile, na wengi wameisoma tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyoandikwa juu yake. Lakini ni wachache wanaojua kwamba sehemu kubwa ya tunayoyafahamu kuhusu mwanzo wa vita hivyo yalitoka vinywani mwa wazee wa vijijini. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo mwanahistoria Gilbert Gwassa, walikaa mikekani na watu walioviona vita hivyo wakiwa vijana, wakaandika walichosimuliwa. Wangechelewa miaka ishirini tu, habari ile ingezikwa pamoja na wenyewe.

Sisi tuliosoma dini tunaulizwa na vijana: tumtazameje Kinjikitile? Tunawajibu kwa uadilifu. Maji ya dawa yanayogeuza risasi si katika itikadi yetu. Muislamu hutegemea kwa Mola wake, naye hushika sababu alizowekewa. Lakini dhulma waliyoipinga watu wale, kazi ya shuruti, viboko vya mgongoni na pamba isiyowalisha, ilikuwa dhulma ya kweli, na waliokufa kwa vita na kwa njaa iliyofuata wanakadiriwa na wanahistoria kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Mtoto anaweza kufundishwa mambo mawili kwa pamoja: kuikataa imani isiyo sahihi, na kumheshimu aliyedhulumiwa. Mahali pazuri pa kumfundishia ni Muhoro penyewe, chini ya mwembe, mbele ya mzee wa pale, kuliko mbele ya ubao.

Atakayefika Ngarambe atakuta pia hifadhi ya wanyamapori inayosimamiwa na wanavijiji wenyewe, iitwayo MUNGATA, yaani Muungano wa Ngarambe na Tapika, pembezoni mwa pori ambalo zamani liliitwa Selous na ambalo sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Tembo huko ni jirani wa kweli, mwenye kupendeza machoni na mwenye kumaliza shamba usiku mmoja. Msiingie porini bila idhini na bila kiongozi.

Msitu ulio nyuma ya nyumba

Kusini mwa mto ipo misitu ya asili ya pwani, miongoni mwake ule wa hifadhi wa Namakutwa-Nyamuete. Misitu ya namna hii imebaki vipande vipande katika Afrika Mashariki, na ndani yake kuna mimea na viumbe visivyopatikana kwingine duniani. Mwenye kutembea polepole asubuhi atasikia ndege kabla ya kuwaona, na akibahatika atamwona sange akikimbia juu ya majani makavu na pua yake ndefu. Miti yake ina historia. Msandarusi ulitoa utomvu ambao katika karne ya 19 uliuzwa kupitia Unguja hadi Marekani na Ulaya kutengenezea vanishi ya samani na magari ya farasi. Mkongo, mninga na mpingo ndiyo milango, vitanda na vinyago vya miji mingi.

Kiangazi kilichopita tuliwachukua wanafunzi wa madrasa kutembea pembezoni mwa msitu. Mzee tuliyefuatana naye aliwataka wataje miti kumi ya nchi yao. Walitaja mitatu: mwembe, mnazi na mkorosho. Yote mitatu ni ya kupandwa, hakuna hata mmoja wa msituni. Mzee hakucheka. Alisema watu hawakilindi kitu wasichokijua jina, kisha akaanza kuwataja mti mmoja mmoja, na watoto wakaandika kwenye madaftari yao mpaka wakafikisha ishirini na saba.

Neno lile la mzee linatuhusu sisi sote, nanyi wasomaji wa mjini zaidi. Malori ya mkaa hupita barabara hii kuelekea Dar es Salaam. Gunia lililopo jikoni kwenu, lililopikia wali wa walima na maulidi, huenda lilikuwa mkongo au mninga wa Rufiji au Kilwa. Hatusemi kila mchoma mkaa ni mharibifu. Wengi ni maskini wanaotafuta ada ya shule, na wengine wana vibali vyao. Tunasema kwamba mlaji na msitu hawajawahi kuonana, na kwa hiyo mti huanguka bila anayeuonea huruma. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti, kila atakayekula kutokana nao, awe mtu, ndege au mnyama, huandikiwa aliyepanda kuwa ni sadaka. Basi tuzingatie pia hisabu ya anayekata bila kupanda.

Delta na mikoko

Mwenye siku ya ziada na aende delta. Njia iliyozoeleka ni kupitia Nyamisati, wilayani Kibiti, bandari ya boti ziendazo Mafia. Hapo mto hugawanyika matawi mengi kabla ya kuingia baharini, na katikati yake umeota msitu mkubwa wa mikoko, mkubwa kupita yote katika pwani ya Afrika Mashariki, wenye eneo la hekta zaidi ya 50,000. Tangu mwaka 2004 ardhi oevu ya Rufiji, Mafia na Kilwa imo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Mjini tumezoea kuita yote mikoko, lakini mwenyeji atakuonyesha mchu, mlilana, msinzi, mkandaa na mkomafi, kila mmoja na mahali pake na kazi yake. Kwa karne nyingi majahazi yalipakia boriti za miti hii kwenda Unguja, Oman na Ghuba. Upana wa vyumba vya nyumba za kale za mawe uliamuliwa na urefu wa boriti. Kwa hiyo yuko Muislamu wa Maskati aliyeswali sunna zake chini ya dari iliyotoka Rufiji, naye hakuijua.

Humo pia ndimo ilimojificha manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg, baada ya kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Waingereza waliisaka na kuizingira kwa miezi mingi, mpaka tarehe 11 Julai 1915 ilipopigwa vibaya na mabaharia wake wakaizamisha wenyewe. Mizinga yake iling'olewa na kuvutwa nchi kavu ili kuendeleza vita, na walioivuta, kama ilivyokuwa kwa mizigo yote ya vita vile, walikuwa Waafrika ambao majina yao hayakuandikwa. Chombo chenyewe kilimezwa na tope la mto.

Adabu na maandalizi

Tumeulizwa mara nyingi mambo ya kujiandaa nayo, nayo ni machache.

Safari yetu ni ya watu wazima na watoto, basi chagueni amiri wa msafara kama ilivyo sunna, na amiri awe na subira. Mwenye kutoka Dar es Salaam amevuka masafa ya msafiri, kwa hiyo anaruhusiwa kupunguza swala za rakaa nne na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, akinuia kukaa siku nne kamili, mbali na ya kuingia na ya kutoka, atatimiza. Na akiswali nyuma ya imamu mwenyeji, atatimiza pamoja naye. Misikiti yetu i wazi, na maji ya kutawadhia yapo, ila tumieni kwa uangalifu, kwani kwetu maji ya ndoo yamechotwa na mtu.

Mkifika kijijini, pigeni hodi kwanza kwa mtendaji wa kijiji au kwa imamu, mjitambulishe. Kwa msitu wa hifadhi ulizeni ofisi ya misitu, na kwa wanyamapori ulizeni wenye mamlaka ya hifadhi. Vaeni nguo za stara zinazofaa kutembelea, na viatu vya kufunika mguu. Chukueni chandarua na dawa ya mbu, kwani malaria ingalipo. Msimpige mtu picha bila ruhusa yake, hasa kina mama walio mashambani. Taka mlizokuja nazo rudini nazo, na mkikuta chupa njiani iokoteni, kwani kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani.

Nunueni kwetu. Kwa msimu wake mtapata ufuta, korosho, embe, mchele na samaki wa mtoni. Ukimkuta mama ameuza ubwabwa kando ya njia, usimpunguzie bei kana kwamba amekukosea. Na mkikaribishwa chakula, kaeni mle. Mtume (s.a.w.) ameliunganisha suala la kumkirimu mgeni na kumwamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho, nasi hatupendi mtunyime thawabu zetu.

Kwa nini tunawaita

Liko jambo ambalo hatuwezi kuliruka. Kati ya mwaka 2016 na 2018 majina ya Kibiti na Rufiji yalisikika kwa habari za mauaji. Viongozi wa vijiji waliuawa, askari polisi nao waliuawa, na hofu ikatanda kutoka nyumba hadi nyumba. Jamaa walioko mijini walisita kuja hata kwenye maziko. Hali ilipotulia, alhamdulillah, barabara ilirudi kuwa na magari, lakini wengine hawakurudi tena kututazama, na baadhi ya watu bado wakisikia mtu ni wa huku humtupia jicho la shaka. Kisha mwezi Aprili 2024 yakaja mafuriko makubwa, mashamba yakazama Muhoro na kwingineko Rufiji na Kibiti, na maelfu ya watu wakahama makazi yao. Safari hii ndugu zetu walikumbuka. Misaada ya chakula na nguo ilifika, na Mwenyezi Mungu awalipe kheri wote waliotoa.

Tunasema kwa unyenyekevu: msitujue kwa misiba peke yake. Nchi inayotajwa kwa mauaji na mafuriko tu, watoto wake wenyewe huanza kuionea haya. Vijana wetu wa Nyamwage hutazama mabasi yakipita na kudhani kila chenye thamani kiko upande ule yanakoelekea. Anapokuja mtoto wa mjini akamwuliza kijana wa hapa jina la mti, au akaomba aonyeshwe jinsi dungu linavyopandwa, kijana huyo huinua kichwa. Siku hiyo anajigundua kuwa ni mwalimu. Na mzee aliyekaa na elimu yake bila wa kumwuliza, hupata wa kumwachia.

Hilo ndilo tunaloliona kuwa kubwa katika matembezi haya. Maji ya mto yanabadilika, misitu inapungua, na wazee wanaitika wito wa Mola wao mmoja baada ya mwingine. Hatuwezi kuyazuia yote hayo kwa makala. Lakini familia moja ikija siku mbili, ikatembea kwa adabu, ikasikiliza, ikanunua, ikaswali nasi na kuandika ilichosikia, imeokoa kitu ambacho fedha ya msaada haiwezi kukiokoa.

Njooni kiangazi hiki, mmoja mmoja au kwa madrasa. Mkishuka njia panda ulizieni msikiti, mtu yeyote atawaelekeza. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awafikishe kwa salama, awarejeshe kwa salama, aubariki mto huu na walio kandoni mwake, na ajaalie safari zetu ziwe hoja ya kututetea na si hoja dhidi yetu. Amin.